Swali Lisilokuwamo mu Kifaransa

Jumatatu, 3 Juni 1957

Nimechaguliwa! Minye, Sidonie, binti wa katekista. Si karani Pierre na shati yake ya pasi, si wale makarani wengine wote wa ku biro ya teritwari. Minye.

Ilikuwa hivi. Asubuhi nilikuwa ninachemsha sindano ku dispansere. Masœur Marie-Rose akaniita kwa kidole tu, nikafikiri nimevunja kitu. Kumbe ndani ameketi muzungu mrefu, shingo nyekundu, jasho linamushuka mpaka mu soksi. Dokteri Lambrecht, ametoka Bukavu akiendesha gari lake la jipu. Si munganga wa tumbo wala wa macho — wa mawazo! Amekuja na maswali mengi ya Kifaransa, anataka kuyauliza watu wa Uvira na wa bonde la Ruzizi, apate kujua nani anaumwa mawazo na nani ni mzima. Lakini akiwauliza kwa Kifaransa watamwangalia tu na kumpa kiti.

Akaniuliza ninajua nini. Kifaransa nimesoma kwa masœurs. Kiswahili nimezaliwa nacho hapa hapa. Kirundi ni cha marehemu mama. Kifuliiru nina kile cha sokoni, kinachotosha kugombana. Akacheka. Anataka mwanamuke, akasema, juu wanawake hawatamwambia mwanaume mambo ya ndani. Huyu muzungu ana akili.

Nina meza! Iko karibu na dirisha, na kalamu mbili, na hakuna anayenituma maji. Nilipomwambia Baba akasema "vizuri" bila kuinua macho kwenye katekisimu. Baba akisema vizuri, mwengine angekuwa amechinja mbuzi.

Jumanne, 4 Juni

Sikujua kama kazi inaweza kumushika muntu hivi. Nimesahau kula mpaka saa nane!

Kifaransa kinauliza: je, unakuwa na huzuni bila sababu? Rahisi, nikaandika. Halafu Dokteri akasema nende nijaribu kwa muntu wa kwanza nitakayekutana naye. Nikakutana na mama anayeuza samaki wadogo wa ndagala mbele ya dispansere. Nikamuuliza.

"Bila sababu?" akasema. "Weye, sababu iko mingi hapa, nikupe gani?"

Nikarudi ninakimbia. Dokteri akaandika maneno yake yote na kufuta swali. Nikaandika upya: je, huzuni yako imekushinda mpaka kazi inalala? Hapo anaelewa, nilimjaribu tena. Akajibu hapana, na kama sinunui nimpishe.

Njia yake ya kazi ni nzuri sana. Minye ninatoa mu Kifaransa naweka mu Kiswahili. Halafu Pierre anachukua Kiswahili changu — hajaona Kifaransa hata kidogo, amefungiwa chumba kingine — anakirudisha mu Kifaransa. Halafu Dokteri anaweka Kifaransa cha kwenda na Kifaransa cha kurudi pamoja, anaangalia kama vimefanana. Vikitofautiana, kosa ni la minye ao la Pierre.

Ni la Pierre. Niliandika "moyo wako uko muzito?" naye akarudisha kwamba munganga anataka kujua moyo una kilo ngapi. Alifanya makusudi! Anajua vizuri, ni mutoto wa kijiji cha Makobola, amekua na Kiswahili mudomoni. Nilipomtolea macho akasema, "Mamzel, mimi ninatafsiri kilichoandikwa." Protestanti yule.

Alhamisi, 6 Juni

Juzi nilifurahi mno, leo furaha imekatika.

Nzeyimana amekuja na kinga yake, baiskeli ile kuukuu, kutoka Katogota kule bondeni, vumbi mpaka mu kope. Ni mume wa yaya Concilie, dada yangu mukubwa. Hakukubali hata kuketi. Tangu mutoto wao Rémy kufa kwa homa, wakati wa mvua za kwanza, yaya hasemi. Hilo tulijua. Lakini sasa ni zaidi. Haendi ku shamba la pamba. Hasalimii watu. Anaketi chini juu ya majani makavu, uso ku ukuta, anakula wa mwisho na peke yake. Moniteri wa pamba, yule anayekagua mashamba, ameona shamba limelala, amemshitaki kwa chefu. Na chefu amesikia kuna munganga wa mawazo Uvira. Amesema: huyo munganga amwangalie. Karatasi ikisema ni ugonjwa wa kichwa, apandishwe masuwa, ile meli ya Albertville, Jumamosi tarehe 22, halafu treni, mpaka kule wanakofungia wenye wazimu.

Sijasikia muntu aliyerudi kutoka kule.

Na karatasi yenyewe ni ile ya maswali. Maswali yangu! Nikiandika vibaya, yaya wangu anapanda masuwa kwa maneno yangu minye.

Nilimwambia Dokteri yote. Akasafisha miwani. Akasema hawezi kuandika uongo kwa ajili ya dada wa mtu. Halafu akasema: "Kwa hiyo, Sidonie, tutafsiri vizuri kuliko wote." Nilitaka kulia na nilitaka kumkumbatia. Nikachonga kalamu.

Jumapili, 9 Juni. Pentekoste

Misa ndefu. Baba alisoma somo la watu wote kusikia kila mumoja kwa luga yake. Nikaona haya namna nilivyotabasamu. Pierre alipita nje ya kanisa, eti njia yake iko pale. Kanisa lao liko upande wa pili kabisa.

Jumanne, 11 Juni

Katogota! Tumejaribu maswali kwa watu wazima, wenye afya, kabla ya kufika kwa yaya. Dokteri anasema kipimo kisichojua muzima hakiwezi kujua mugonjwa. Nimecheka mpaka mbavu zikauma, na nimelia. Acha niandike kwa mpango.

Kwanza muzee Sévère. Amekaa kitako, amevaa koti. Unalala vizuri? Ndiyo. Unakosa usingizi? Ndiyo. Unafurahi kukutana na watu? Ndiyo. Unachukia kukutana na watu? Ndiyo, mwanangu. Dokteri anaandika, kalamu inazidi kwenda polepole. Nikamwambia muzee kwa Kirundi, mbona unakubali yote? Akaniangalia kwa huruma. "Mugeni ametoka Bukavu na jua hili. Nimwambie hapana?"

Halafu mabibi wapya, wale walioolewa mwaka huu. Dokteri alikuwa ameweka maswali ya muntu anayeogopa watu. Unaona haya kula mbele ya watu? Ndiyo, mbele ya baba mukwe siwezi. Unaogopa kumwangalia muntu usoni? Ndiyo, baba mukwe. Kuna jina ambalo huwezi kulitamka? Ndiyo! Wote ndiyo, mumoja baada ya mwengine, wameinamisha vichwa vizuri, kila mumoja anajivuna namna alivyolelewa. Dokteri akajumlisha. Kwa kipimo chake mabibi wote wapya wa Katogota ni wagonjwa wa kupelekwa Albertville. Masuwa ingezama! Nilipomweleza heshima ya mukwe alicheka mpaka akakohoa, yeye mwenyewe akafuta maswali yote matatu.

Halafu mujane anaitwa Candide. Amenyoa kichwa, ameketi juu ya majani nyuma ya nyumba. Ameacha kulima, ndiyo. Hasalimii, ndiyo. Haogi kama zamani, hali pamoja na wengine, hana hamu ya kitu: ndiyo, ndiyo, ndiyo, na sauti haifiki hata miguuni kwake. Hapo Dokteri hakucheka. Akaandika: ugonjwa mukubwa.

Mwisho, yaya.

Nilipiga magoti mbele yake. Nimesema jina langu, nimesema la mama. Hakugeuka. Ana mifupa tu, yaya wangu aliyekuwa ananibeba mugongoni na kuniita mzigo wa chumvi. Mama Bernardine, mama mukwe wake, ndiye aliyejibu maswali. Halimi. Hasalimii. Haogi. Hali na watu. Mama Bernardine si mubaya, alikuwa anapanguza macho na kitenge. Alisema tu, "Sisi tunangoja kwenu." Nikafikiri anasema tuje kumuchukua.

Mu jipu Dokteri akasema, polepole, majibu ya dada yangu na ya yule mujane ni sawasawa kabisa. Bonde lote limejaa pamba nyeupe, watu wanachuma na kuimba, nikalichukia.

Jumatano, 12 Juni

Kazi, kazi, kazi. Tumegeuza maswali ili muzee Sévère asiweze kukubali tu. Hatuulizi tena "unalala vizuri?" Tunasema: juzi ulilala, uliamka saa gani, ulifanya nini ulipoamka? Dokteri ameruka kwenye kiti, amesema hii itamshinda hata mwalimu wake kule Ulaya. Pierre amerudisha maswali yote bila kosa hata moja. Aliponipa karatasi akasema polepole, "Dada yako hataenda, Sidonie." Hakusema Mamzel. Sikujua niangalie wapi, nikaangalia karatasi.

Dokteri anataka tuwaulize watu walewale mara ya pili, baada ya juma. Muntu akiwa mugonjwa leo, anasema, na juma lijalo ni mugonjwa bado, ndipo tujue kipimo kinashika. Basi Jumatano ijayo tunarudi.

Jumatatu, 17 Juni

Siwezi kulala vizuri, sina hamu ya chakula, ninajiuliza maswali yangu mwenyewe. Ndiyo, ndiyo. Baba ameniuliza mbona sili. Nikamwambia joto.

Jumatano, 19 Juni

Mungu wangu. Mungu wangu! Nitaandika tu.

Tumefika Katogota, tumemutafuta Candide nyuma ya nyumba. Majani hayapo, pamefagiliwa. Candide iko wapi? Muzee Sévère akaonyesha shamba. Candide mu pamba! Amevaa kitambaa kichwani, gunia kiunoni, anasimuliana na jirani na anacheka. Dokteri akafungua karatasi yake ya juma lililopita, akaangalia jina, akamwangalia mwanamuke. Alifikiri tumekosea muntu.

Nikauliza maswali yote upya. Unalima? Unaniona. Unasalimia watu? Umefika hapa, nani alianza kusalimia? Unakula na wengine? Ndiyo, na ninakula sana. Dokteri anauliza mu Kifaransa, mbio mbio: amepewa dawa gani, nani amemutibu, muulize, muulize!

Nikamuuliza. Candide akashangaa.

"Nani anatibu kilio?" akasema. "Jumamosi walinigandua."

Kuganduka. Neno hilo nilisikia kwa mama nikiwa mudogo, mambo ya wakubwa, na nyumbani kwa katekista halisemwi. Nikamwomba anieleze kama muntu asiyejua kitu. Akanieleza. Ukifiwa unaingia mu kigandaro, siku za kilio. Hulimi, hunyoshi mukono kusalimia, huketi na watu, unaketi chini. Si kwamba hutaki, ni kwamba haikupasi. Siku ikifika, watu wa kwenu na watu wa kwa mume wanakuja, kila upande na mutungi wake wa pombe. Wanaketi nawe, mnakunywa pamoja, wanakupa jembe mu mukono. Basi. Kesho yake unaenda shambani.

"Na upande mumoja usipoleta?"

"Ninaketi."

"Mpaka lini?"

"Mpaka walete. Muntu hajigandui mwenyewe, mwanangu."

Nikakaa chini pale pale mu pamba. "Sisi tunangoja kwenu." Mama Bernardine alisema hivyo, na mutungi wake labda umechacha na kumwagwa mara ngapi! Upande wa kwetu ni nani? Mama amekufa. Minye nilikuwa shuleni. Amebaki Baba, na Baba ni katekista.

Nikamwambia Dokteri yote, Kifaransa changu kinajikwaa. Hakukatiza hata mara moja. Halafu akapiga mabega yangu kwa mikono miwili, alikuwa amefurahi sawa minye! Alisema mu karatasi zote alizosoma, hakuna aliyeuliza hivi. Akasema: "Andika swali. Andika kwanza kwa Kiswahili. Mimi nitalitia mu Kifaransa."

Kiswahili mbele, Kifaransa nyuma! Nimeandika ku boneti ya jipu, ikaniunguza kiwiko:

*Katika nyumba yenu, kuna kilio ambacho watu hawajaja kukimaliza? Mnamngoja nani?*

Lakini Dokteri ni Dokteri. Njiani akasema swali zuri si dawa. Inawezekana Concilie anangoja. Inawezekana pia alianza kwa kungoja na sasa anaumwa kweli. Hajui, na minye sijui. Chefu anataka karatasi Ijumaa jioni, masuwa inang'oa Jumamosi. Akasema hatatia sahihi kabla ya kuona kitu kwa macho yake, na hawezi kumlazimisha chefu angoje masuwa nyingine.

Basi kila kitu kiko ku Baba.

Alhamisi, 20 Juni. Ekaristi

Nilingoja maandamano yaishe. Baba amebeba msalaba tangu kanisa mpaka karibu ya maji na kurudi, amechoka, ameketi na miguu mu beseni. Nikaleta kiti. Nikamwambia, Baba, Dokteri anataka nijaribu maswali kwa muntu anayejua kusoma. Alifurahi, anapenda vitu vya karatasi.

Juzi uliamka saa gani? Kabla ya jogoo. Ulifanya nini? Niliketi. Huzuni imekushinda mpaka kazi inalala? Hapana, kazi ya Mungu hailali. Anajibu vizuri, kwa sauti ya kanisani. Nikafika ku swali la mwisho. Nililisoma polepole.

Maji ya beseni yalitulia kabisa.

"Nani aliandika hili?" akasema.

"Minye."

Akaangalia miguu yake. Halafu akasema, na si kwa sauti ya kanisani, kwamba Nzeyimana alikuja baada ya Rémy kuzikwa kumuuliza siku ya pombe. Naye alimjibu mambo hayo ni ya wapagani, mutoto amebatizwa, misa imesomwa, inatosha.

"Na yaya, nani alimwambia inatosha?"

"Nilimwambia Nzeyimana."

"Yaya, Baba. Yaya nani alimwambia?"

Hakuna. Hakuna aliyemwambia! Baba alifikiri Nzeyimana atasema. Nzeyimana aliona haya kumwambia bibi yake kwamba babake amekataa kuja. Na yaya ameketi chini miezi yote hii, binti mwenye adabu, anangoja babake.

Nilikasirika, nilisema maneno ambayo binti hamwambii babake. Nilimwambia juu ya masuwa. Nilimwambia Padri ana makatekista wengi na yeye ana Concilie mumoja. Hakunipiga, hakunifukuza. Alisema tu, "Padri akisikia nimeshika mutungi kwenye kilio, atanivua msalaba wa katekista." Alisema kama mutoto. Halafu akatoka na miguu yenye maji, bila viatu. Hajarudi, na chakula chake kimepoa.

Ijumaa, 21 Juni. Katogota

Ninaandika juu ya magoti, mu kiwanja cha Nzeyimana. Watu wanafikiri ninaandika majibu ya Dokteri.

Asubuhi tulipopita Kavimvira na jipu, kando ya barabara amesimama muntu na koti la Jumapili na mutungi wa pombe ya mutama mikononi. Baba! Mbele ya soko lote, mbele ya watu wa duane wanaopekua mizigo ya mpakani, mbele ya wamama wa misa ya kwanza. Alipanda mbele karibu ya Dokteri, akashika mutungi mapajani njia nzima, na kila shimo lilimwagia koti lake. Nilikuwa nyuma, nilitaka kuimba. Pierre amebaki ku biro na karatasi isiyo na sahihi. Amesema muntu wa chefu akija, ataitafuta sana na hataiona mpaka jipu irudi.

Mama Bernardine alipomuona Baba na mutungi, alishika kinywa. Halafu akaanza kukimbia, na umri ule. Amefagia majani makavu. Ametandika mukeka. Ameleta mutungi wake, umefunikwa na majani mabichi — alikuwa nao! Muzee Sévère amekuja na murija wake mwenyewe. Candide amekuja na jembe jipya, sijui nani alimwambia. Nzeyimana anasimama ku mulango na hajui aweke mikono wapi.

Wamemushika yaya mabega, wamemketisha ku mukeka. Amekubali kushikwa. Lakini uso bado uko ku ukuta. Wamesema maneno ya kumaliza kilio, muzee Sévère ameyasema vizuri. Hajageuka. Mama Bernardine amemwekea murija mbele. Hajaugusa. Dokteri ameketi ku kibao pembeni, kofia magotini, na kalamu yake ameiweka mufukoni. Ninamuomba Mungu, ninaomba kwa Kifaransa na Kiswahili na Kirundi.

Baba amesimama na mutungi. Hajui maneno ya huku, anajua ya katekisimu tu. Nikaona midomo yake inatafuta. Halafu akasema:

"Concilie. Nimechelewa."

Yaya amegeuza kichwa. Ameangalia mikono ya Baba kwanza, halafu koti lililolowa, halafu mutungi. Uso hajauangalia bado.

Lakini amesogea. Kidogo tu, ku mukeka, nafasi ya muntu mumoja. Na kwa mukono wake ametandaza kona iliyokunjika.

Wote wanamwangalia Baba. Baba bado amesimama.